Walitaka Tumkane Guka

Tangu nirudi, kila nikipeleka maziwa kituoni naulizwa jambo moja. Doha ilikuwaje, Mama Raheli, na mbona umerudi umekunja uso? Nimewajibu wengi nusunusu, na kila aliyesikia nusu yangu ameongeza nusu yake. Juzi nimesikia kwamba nilifungwa. Sikufungwa. Basi naandika mara moja, mpitishiane, na mkimaliza msiniulize tena. Mambo ya viza na tiketi siyasemi, yalishanichosha yenyewe.

Mnajua Raheli wangu ni nesi kule, na mumewe Kimani anashughulika na kompyuta katika ofisi moja. Wanaishi Muaither, mtaa ulio pembeni mwa jiji. Jumapili ile alipojifungua mtoto wa kiume nilipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Safari nilikuwa nimeipanga tangu mimba ikiwa changa, kwa sababu kwetu mtoto wa kiume hutahiriwa siku ya nane, na bibi mwenye miguu yake huenda. Halafu Jumatano Raheli akapiga simu akilia.

"Mama, wanataka nimkane Guka kabla mtoto hajatahiriwa," akasema. "Na Kimani ananyamaza tu."

Ilikuwa hivi. Kimani alikuwa amejiunga na kikundi cha Wakenya wanaokutana katika nyumba moja Al Mansoura, wanaosema kwamba wao ndio Waisraeli wenyewe, kwa damu, tangu enzi za Musa, na sisi wengine ni waigizaji. Kiongozi wao alikuwa ameamua kwamba mtoto atapokewa kwa ajili ya damu ya baba yake, lakini mama yake kwanza asimame mbele ya watu aseme kwamba dini ya babu yake ilikuwa uongo. Tena mtoto asipewe jina la huyo babu.

Huyo babu, au Guka kama tusemavyo Kikuyu, ni baba yangu mzazi, Guka Yosefu, Mungu amrehemu. Wazee kati yenu mnamkumbuka akiwa mzee wa kanisa na mfugaji wa nguruwe. Alisoma vitabu vya Musa miaka na miaka, akaanza kuuliza maswali ambayo mhubiri hakuyapenda, na mwishowe akawagawa nguruwe wote, akabomoa banda, mbao zake akazifanya benchi za kusalia. Watu walicheka, wakasema benchi za Mayahudi wa Gathogo zinanuka. Alizisugua kwa majivu, akakalia. Mimi tayari nilikuwa na watoto wakati marabi watatu, walimu wa dini ya Kiyahudi, walipokuja kutuhoji, wakatuzamisha mtoni mwezi wa saba, baridi ile mnayoijua, na Guka akatoka majini meno yakigongana. Wakatuambia kuanzia siku hiyo sisi ni wana wa Abrahamu, na hakuna ruhusa ya mtu kutukumbusha tulivyokuwa kabla. Hiyo kwetu ni sheria, si adabu tu.

Mtu huyo ndiye niliyetakiwa nimwone akikanwa na mjukuu wake kwa ajili ya vijana waliosoma dini kwenye simu. Nilipanda gari nikiwa na hasira, na hasira hiyo nilienda nayo Doha na kurudi nayo.

Kwa gari la viazi hadi Nairobi

Alhamisi asubuhi jirani yetu Mwangi alikuwa anapeleka viazi sokoni, akanipa kiti cha mbele. Mwangi ni mtu mwema lakini hawezi kunyamaza. Hatujafika hata lami akaanza.

"Mama Raheli, mimi sijawahi kuelewa. Nyinyi sasa ni kabila gani?"

"Mimi ni Mkikuyu, Mwangi. Unamjua mama yangu."

"Lakini Myahudi ni kabila. Huwezi tu kuamka asubuhi ukaingia kabila la watu. Mimi siwezi kuwa Mjaluo nikitaka."

Nilikuwa nimevumilia maneno hayo kwa miaka mingi, lakini siku hiyo sikuwa na uvumilivu wa kutosha. Nikamuuliza kama hajawahi kusikia juu ya watu waliozaliwa kwa mbuzi. Akashika usukani vizuri, akatazama barabara. Kila mtu huku kwetu anawajua. Kwa wale wageni watakaopitishiwa maandishi haya, nieleze. Zamani Mkikuyu akimpenda mtu wa nje, Mmasai au mtu wa msituni au mkimbizi wa njaa, alimchinjia mbuzi, akamvisha mkononi kipande cha ngozi ya mbuzi huyo, na tangu hapo mtu yule ni mwanawe. Anapewa shamba. Anaoa kama ndugu wengine, na akifa anazikwa kama wao. Na anayemkumbusha alikotoka anatozwa mbuzi mwingine, maana amemtukana yeye na mbari nzima, yaani ukoo wote uliompokea.

"Hiyo ni tofauti," Mwangi akasema baada ya kilima kizima.

"Tofauti yake ni nini?"

Akasema viazi vinaruka sana huko nyuma, ngoja apunguze mwendo. Hatukuzungumza tena dini mpaka Nairobi.

Uwanja wa ndege, na mwanamke wa mkate

Ndege ilikuwa iondoke jioni. Jioni ikafika, ndege haikufika. Wakatuambia kidogo tu. Baadaye wakatuambia kuna kifaa kinasubiriwa. Mwishowe wakatuambia kesho asubuhi, kwa sauti ya mtu anayekupa zawadi. Mimi nikaanza kupiga hesabu ya Sabato, maana kwetu Sabato inaingia Ijumaa jua linapozama, na ikishaingia hatusafiri. Nilimwambia dada wa kaunta. Akaniuliza kama mimi ni wa lile dhehebu la Jumamosi. Nikasema hapana, ni Myahudi. Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, akasema, "Sawa, mami," kisha akamhudumia mwingine.

Tulilala kwenye viti. Asubuhi nikatoa chakula changu, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na chumvi kwenye karatasi. Karibu yangu kulikuwa na mwanamke wa kizungu wa umri wangu, mwenye kuongea, aliyekuwa akila mkate wenye vipande vya nyama ya nguruwe. Akanikaribisha kipande. Nikamshukuru, nikamwambia dini yangu hairuhusu.

"Wewe ni Mwislamu?"

"Ni Myahudi."

Akacheka kwa furaha kabisa, akaweka mkate chini. "Hata mimi," akasema.

Nikiri kwamba moyo wangu uliruka. Sikuwa nimewahi kukutana na mmoja hivihivi, bila mpango. Nikamuuliza sinagogi lao likoje. Akasema hajaingia humo tangu arusi ya shangazi yake na hamwamini Mungu hata kidogo. Lakini mama yake ni Myahudi na bibi yake pia, kwa hiyo na yeye ni Myahudi, jambo hilo halifutiki. Kisha akaniuliza mama yangu. Nikamweleza habari za Guka, nguruwe, benchi, mto. Alisikiliza kwa huruma, akanigusa mkono.

"Ni hadithi nzuri sana," akasema. "Lakini unaelewa kwamba hiyo ni dini tu mmeipenda. Kuwa Myahudi hasa ni kitu kingine."

Akauchukua mkate wake akaendelea kula. Mimi ninaamka kusali kabla ya jogoo. Nimekataa nyama kwenye arusi za ndugu zangu mpaka wakaacha kunialika, watoto wangu wamefukuzwa shule kwa kukosa mtihani wa Jumamosi, na mwanamke anayetafuna nguruwe mbele yangu ananieleza kwa upole kwamba mimi ni mgeni nyumbani kwake. Nilitaka kumuuliza, kama ni kitu kingine, kitu hicho anakifanya siku gani. Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa mkarimu, na mkarimu ni vigumu kumjibu. Bado najuta kwamba sikumuuliza.

Mayai ya Mwanaidi

Ndani ya ndege nilikaa na Mwanaidi, Mzanzibari anayefanya kazi katika nyumba ya watu huko Al Wakrah, akirudi kutoka kumwuguza mama yake. Alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa nimenuna, kwa hiyo tulipendana mara moja. Chakula kilipoletwa nilirudisha nyama, nikatoa tena mayai yangu. Yeye naye hakuipenda ile nyama.

"Bibi, na mie nipe yai moja," akasema. "Chakula cha hawa hakinishuki."

Nilipomwambia dini yangu, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuificha na kuieleza vilevile, aliacha kumenya. Nilijua anachofikiria. Simu zetu sote zimejaa picha za vita vya huko, watoto chini ya vifusi, na mimi nimeziona, nimelia, na hakuna aliyeniuliza kama nimelia.

"Wewe unatoka huko Israeli?" akaniuliza.

"Natoka nyanda za juu za Kenya. Nafuga ng'ombe watatu."

"Basi na hawa wanaopigana?"

"Sijawahi kuwaona, mwanangu. Nasali tu kama wanavyosali."

Akaendelea kumenya polepole. "Nyie watu wa Kitabu," akasema mwishowe. "Chakula chenu kwetu halali. Lete na chumvi." Akala mayai mawili, kisha akanionya kwamba Doha nisiseme ovyo nilivyomwambia yeye, si kila mtu ana subira. Alikuwa ananitakia mema. Hata hivyo nililikasirikia onyo lenyewe, kwamba yule mwanamke wa kizungu anasema mimi si Myahudi, na kule ninakokwenda inanibidi ninong'one kwamba mimi ndiye.

Barabarani Ijumaa

Tulitua mchana umeshakwenda sana. Kimani aliahidi kunipokea. Nilisimama pale nje na mabegi yangu, unga wa ugali na njugu za kutosha mtaa mzima, nikitazama kila uso. Nikampigia Raheli. Akasita, halafu akasema Kimani ameitwa Al Mansoura kwenye kikao, wanajiandaa kwa Sabato, atanitumia gari.

Yaani mkwe wangu aliniacha uwanja wa ndege ili akaandae Sabato, na mimi Sabato ikanikute njiani.

Mwanaidi alikuwa anachukuliwa na kaka yake Hamadi, dereva, mtu mnene wa maneno machache. Wakakataa kuniacha. Akasema atanipeleka Muaither kwanza, ndipo amrudishe dada yake Al Wakrah, ingawa ni pande mbili tofauti kabisa. Tukaenda vizuri mpaka barabara moja kubwa ikawa imefungwa, gari zinageuzwa, na sisi tukakwama nyuma ya basi la wafanyakazi waliolala vichwa vikiegemea vioo. Miezi hiyo jua la huko huzama mapema. Nililitazama likishuka nyuma ya majengo, na Raheli akanielekeza kwa simu kwamba nyumba si mbali tena, ni kufuata tu ukuta wa shule na kukata kulia kwenye duka la mikate.

"Hamadi baba," nikasema, "simama hapo pembeni niteremke."

"Umechafukwa na tumbo, mama?"

"Hapana. Jua linazama."

Alimtazama dada yake kwenye kioo. Alidhani nimekasirishwa na uendeshaji wake, akaanza kuomba radhi. Mwanaidi ndiye aliyemweleza, na sitasahau alivyomweleza. "Huyu ni kama wewe adhana ikilia, Hamadi. Ana wakati wake. Simama."

Akasimama. Sabato ikiingia hatubebi mzigo nje, basi mabegi nikayaacha garini, na simu pia, nikatembea mikono mitupu. Wenzangu mnaojua sheria msiniletee hoja kuhusu yale mabegi, Hamadi alisema mwenyewe atayafikisha. Nilifika mlango wa Raheli jasho likinitoka hata katika upepo ule wa baridi. Mabegi yalikuwa yameshatangulia, yamepangwa vizuri ukutani.

Raheli alinikumbatia, akaniwekea mtoto mikononi. Alikuwa na paji la uso la Guka. Ndiyo, najua nilichoandika, na mtasema si ninyi mnaosema damu si kitu. Mimi sijasema damu si kitu. Nimesema si yote.

Muaither, Sabato

Tulikula githeri, mahindi na maharage, iliyopikwa Ijumaa, sufuria imefungwa blanketi ili ibaki na joto, desturi ya Guka. Kimani alirudi tumeshamaliza. Alinisalimu akitazama mazulia. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakemeani, kila mmoja humwogopa mwenzake kwa heshima, kwa hiyo nilimuuliza tu kama amekula. Akasema amekula. Raheli akageuza uso.

Jumamosi mchana kiongozi wao akaja. Anaitwa Ndugu Asafu, jina alilojipa mwenyewe, kijana nadhifu aliyenyoa vizuri, anayezungumza bila kukupa nafasi ya kumeza mate. Alikuja kwa gari, Sabato, akapiga honi chini ili Kimani amfungulie lango. Nikamuuliza, kwa adabu kabisa, kama kwao kuendesha gari siku hiyo kunaruhusiwa.

"Mama, hizo sheria za marabi ni za watu wasio na damu," akasema. "Wanaficha upungufu. Sisi hatuhitaji kuthibitisha chochote. Damu inajua."

Akakaa, akakubali chai kutoka kwenye chupa, akaeleza. Waafrika ndio Waisraeli waliotawanywa. Wazungu waliiba jina. Guka alipowaendea marabi wa kizungu kuomba awe kile alichokuwa tayari, aliwapa wezi heshima, akajishusha, akalaani uzao wake. Ndiyo maana Raheli lazima aikane ile siku ya mtoni. Kesho, kabla mtoto hajaingizwa kliniki kutahiriwa, nje pale, dakika chache tu. Baada ya hapo Kimani atataja baba zake mmoja mmoja kama desturi yao ilivyo, na mtoto ataingia Israeli kwa jina watakalompa wao.

"Na jina la Yosefu?" Raheli akauliza.

"Hilo ni la mzee aliyebadili dini, dada. Mtoto halibebi."

Mtanisamehe, hasira ilinipanda. Si kwamba sikuelewa kinachowavuta. Kijana anafanya kazi ugenini, anaitwa majina, anaambiwa simama hapa, pita kule, halafu mtu anamwambia wewe ni mwana wa mfalme, hukuhitaji ruhusa ya mtu. Hata mimi ningesikiliza. Lakini yule mwanamke wa uwanja wa ndege aliniambia sifai kwa kuwa sina damu, na huyu ananiambia damu ninayo na nimeinajisi kwa kuamini. Wawili hawa wangekutana wangerushiana viatu, na bado wangekubaliana kwamba baba yangu alipoteza wakati wake.

Na nilikuwa na neno mdomoni. Nyumba ya kina Kimani na yetu zinatenganishwa na mto mmoja. Nilijua jambo fulani juu ya mbari yao, na wazee wote wa upande wetu wanalijua, na lingemnyamazisha Ndugu Asafu papo hapo. Lilikuwa neno moja tu. Nilimtazama Kimani, akanitazama, na nikaona amejua kwamba najua.

Nikafunga mdomo. Kama ningelisema, ningemfanyia kile hasa nilichokuwa nakilia. Nikasimama, nikaenda kumbembeleza mtoto ambaye hakuwa akilia.

Kabla ya kuondoka Asafu alisema tutaonana kesho. Kimani alimsindikiza hadi chini, akakaa huko muda mrefu.

Jumapili, Al Mansoura

Asubuhi nilimkuta Kimani jikoni amechemsha chai, tena ya maziwa mengi kama yetu. Akanimiminia.

"Mama," akasema, "jana mbona hukusema?"

"Niseme nini?"

"Unajua."

"Aliyechinjiwa mbuzi haulizwi alikotoka, Kimani. Wala wajukuu zake hawaulizwi. Mimi nimefundishwa hivyo na mama yangu, na marabi wakanifundisha hivyohivyo mara ya pili."

Alikunywa chai yake yote akiwa amesimama. Akasema tu, "Twende tusichelewe."

Kliniki iko Al Mansoura, ghorofa ya kwanza juu ya fundi wa simu. Raheli alimchagua daktari mwenyewe, Msudani mwenye mikono midogo, anayetahiri watoto kila asubuhi. Nje, kando ya ngazi, Ndugu Asafu alikuwa anatungoja na wanaume wanne wa kikundi chake, wote wamevaa vizuri. Raheli akamshika mtoto kwa nguvu. Asafu akamwambia aanze.

"Sisemi," Raheli akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Guka ndiye aliyenifundisha kusali. Sisemi."

Asafu akamgeukia Kimani, akamwambia mke wake anamnyima mtoto urithi, basi ataje baba zake sasa hivi, na watamchukua mtoto kwa damu yake peke yake. Mimi nilikuwa nimeshapanga nitakachofanya. Nilikuwa nimsukume, hata kama ni mkwe.

Kimani akavua kofia.

"Mimi ni Kimani wa Njoroge," akasema. "Njoroge wa Kimani. Kimani wa Njoroge. Njoroge wa Kimani." Wale wanaume walikuwa wanatikisa vichwa kwa kila jina, maana kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba ya baba yake, na majina hayo mawili yanapokezana hivyo mpaka juu. "Kimani huyo ni wa Njoroge," akaendelea, "na Njoroge huyo mama yake alimwita Koinet."

"Koinet nani?" Asafu akauliza.

"Mmasai. Njaa ilimleta kwetu, hakuwa hata na fimbo. Mzee mmoja jina lake Kimani akamchinjia mbuzi, akampa jina Njoroge na shamba. Naye alipopata mtoto akamwita Kimani, kama inavyotakiwa, jina la baba yake. Kwa hiyo jina langu ni la mtu ambaye sina hata tone la damu yake. Na yeye ni babu yangu. Ukisema si babu yangu, tutapigana hapa."

Mwanamume mmoja kati ya wale wanne aliinamisha kichwa, na nikajua huko kwao nako kuna mbuzi. Asafu akasema, taratibu sasa, kwamba kama ni hivyo hawawezi kumpokea mtoto.

"Hatukuomba," Kimani akasema. "Mama, lete mtoto tupande."

Kimani ndiye aliyeniambia niyaandike haya. Alisema wazee wakinitoza mbuzi, atamlipa yeye.

Juu kulikuwa na foleni. Daktari alituuliza kwa nini siku ya nane, yeye kwao hupenda ya saba, na Raheli akanibana kiwiko. Kimani akajibu ni desturi ya familia. Daktari akasema ni jambo zuri, ni sunna ya Ibrahimu, akanawa mikono. Kwa desturi yetu mwanamume ndiye humshika mtoto, lakini hatukuwa na mwanamume mwingine wa dini yetu mjini kote, nikakaa mimi, wakaniwekea mto mapajani. Kimani akasoma baraka kutoka kwenye kiganja alikoiandika kwa kalamu, kwamba tumeamriwa kumwingiza mtoto katika agano la Abrahamu baba yetu. Alipofika kwenye neno baba alisimama kidogo, kisha akalisema. Daktari akasema bismillahi. Mtoto akapiga kelele, akawa Yosefu, na kwa majirani Njoroge.

Ile damu iliyohubiriwa Al Mansoura majuma yote yale, niliiona ikitoka. Ilikuwa doa dogo kwenye pamba, upana wa kidole cha shahada. Nesi akaikunja, akaitupa kwenye ndoo ya taka, akauliza kama mtoto ameshanyonya.